Kijapani cha Mama Pindo

Kila siku saa mbili asubuhi, Mama Pindo hufungua chumba cha mbele na kusogeza cherehani yake karibu na dirisha. Jina hilo alipewa na wateja. Pindo likienda upande hata kwa upana wa uzi, yeye hulifumua na kulishona upya. Mteja anune, asinune, shauri yake.

Upande wa pili wa meza hiyo hiyo hukaa mumewe. Yeye ni fundi saa. Siku hizi saa mbovu zimekuwa chache, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kumchokoza mkewe.

Wana mtoto mmoja tu, wa kiume. Yuko Japani mwaka wa saba sasa, anachomelea vyuma kwenye karakana ya meli. Alioa huko huko, na huko huko akazaliwa binti yao. Mtoto huyo anakaribia miaka mitano. Bibi yake hajawahi hata kumshika mkono. Humwona kwenye simu kila Jumapili mchana, wakati kule kwao ni jioni.

"Hujambo, mjukuu wangu?" Mama Pindo huuliza.

Mtoto hutabasamu, kisha humtazama baba yake. Baba hutafsiri. Mpaka amalize kutafsiri, mtoto ameshakimbilia midoli yake.

Babu ndiye mwenye bahati. Yeye hutoa ulimi na kuvuta masikio, na mtoto hucheka mpaka anakaa chini.

"Umeona?" babu hujisifu. "Mchumba wangu ananipenda."

Mama Pindo hucheka kwa mdomo tu. Moyoni anaumia.

Mwaka jana alimshonea mjukuu gauni la njano. Vipimo alikisia kwa picha. Gauni lilipofika, halikupita mabegani. Mwanawe alituma picha: gauni amevalishwa dubu wa kuchezea. Babu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Dubu limemkaa vizuri!" alisema. "Tena anaonekana ana heshima zake."

Mama Pindo hakucheka. "Gauni si kitu," alisema. "Mimi fundi wa miaka thelathini sijui bega la mjukuu wangu! Sijui chochote chake. Atakua, na mimi nitabaki picha ya kwenye simu. Nataka nimpime mwenyewe, mume wangu. Mama yake ashike futi, lakini mimi ndiye niseme. Inua mikono. Geuka. Basi, hayo tu."

"Kwa lugha gani?"

"Kwa yake."

Babu akaona mkewe hatanii. Akaacha mzaha, jambo ambalo si kawaida yake.

Mama Pindo akajifunga kibwebwe. Alichukua simu, akaandika: kujifunza Kijapani haraka. Lo! Vilivyotokea havikuwa na idadi. Akapakua programu moja. Kesho yake akaona nyingine yenye picha nzuri zaidi, akapakua. Jirani akamtajia ya tatu. Baada ya wiki tatu alikuwa na programu kumi na moja, na video nyingi alizozihifadhi ili azitazame baadaye. Kila programu ilianza mwanzo kabisa, na yeye alianza nayo. Ikianza kuwa ngumu, alihamia nyingine. Simu ikajaa mpaka ikawa inakwamakwama.

Sentensi moja ilimkaa vizuri, kwa sababu ilikuwamo karibu katika zote. Maana yake hakuijali. Akaifanyia mazoezi huku akishona, akapiga pasi nayo, akapika nayo. Jumapili ilipofika, akavaa kitambaa chake kizuri cha kichwa. Mjukuu alipotokea kwenye kioo, bibi akapiga moyo konde.

"Eki wa doko desu ka?"

Mtoto akatoa macho. Akasema maneno mengi kwa haraka, akanyoosha kidole dirishani, kisha akatoka mbio. Mara simu ikakwama, picha ikapotea.

"Amenielewa!" Mama Pindo akasema. "Umemwona? Amenijibu!"

Akawa na furaha kwa muda wa nusu saa. Kisha ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa mwanawe.

"Mama, umemwambia nini mtoto? Wewe umemuuliza stesheni ya treni iko wapi. Sasa yeye anasema bibi amefika, amepotea njia. Amevaa viatu, amekaa mlangoni. Tunamwambia avue, hataki. Analia, anasema tukamchukue bibi."

Mama Pindo akausikiliza ujumbe ule mara mbili. Kisha akaiweka simu mezani, kioo kikiangalia chini. Babu alikuwa na mzaha tayari mdomoni, lakini alipomwona mkewe akifuta machozi kwa upindo wa kanga, akaumeza. Akainuka akampikia chai.

Jumanne mkutubi wa maktaba ya mtaa alifuata sketi yake. Ni mwanamke mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sketi yako hiyo hapo."

Mkutubi akaikunjua. Akaitazama, akaigeuza, akavaa miwani akaitazama tena.

"Mama Pindo," akasema taratibu, "unaumwa?"

"Kwa nini?"

"Pindo limekwenda upande."

Kweli, lilikuwa limekwenda upande, na si kidogo. Mama Pindo akashika tama. Halafu yote yakamtoka: dubu, stesheni, viatu vya mlangoni.

"Mimi kichwa changu kizito," akamalizia. "Umri umekwenda. Lugha ni ya watoto."

"Hebu nione simu yako," mkutubi akasema. Akapekua kidogo. "Mama, kichwa chako hakina tatizo. Umeanza mara kumi na moja. Nani angefika? Uliandika nini ulipotafuta?"

"Kujifunza Kijapani haraka."

"Basi umepewa cha watu wenye haraka. Watalii. Wao wanatafuta stesheni, hoteli na chakula. Wewe unatafuta mtoto. Nikuulize: mteja akiingia hapa na kitambaa, unaanza na mkasi?"

"Mkasi? Mungu aniepushe! Nampima kwanza. Namuuliza nguo ya kazi gani."

"Na Kijapani nacho kipime kwanza. Utazungumza na nani? Juu ya nini? Ukishajua hayo, ndiyo unatafuta. Njoo maktaba kesho. Kompyuta zipo, na mtandao ni bure."

Mama Pindo akachukua ile sketi. "Hii acha," akasema. "Nitaileta kesho imenyooka."

Kesho yake waliketi mbele ya kompyuta iliyo karibu na rafu ya magazeti. Mkutubi akamwachia Mama Pindo aandike mwenyewe. Aliandika kwa kidole kimoja: Kijapani cha kuzungumza na mtoto mdogo nyumbani. Kwa Kiswahili vilitokea vichache. Mkutubi akamsaidia kuandika maneno hayo hayo kwa Kiingereza, vikatokea zaidi.

"Sasa usibonyeze hovyo," akasema. "Ukifungua ukurasa, shuka mpaka chini. Tafuta nani ameutengeneza. Ni chuo? Ni kituo cha utangazaji? Ni mwalimu aliyejitaja jina? Au hakuna mtu?"

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na rangi nyingi na ahadi nyingi. Kijapani kwa siku saba! Kabla ya somo la kwanza, ukaomba namba ya kitambulisho na picha yake.

Mama Pindo akaanza kufungua mkoba.

"Rudisha, mama!" Mkutubi akamshika mkono. "Somo la lugha halihitaji kitambulisho chako. Wala namba yako ya siri. Ukiombwa hivyo, funga utoke."

"Na hapa chini hakuna jina la mtu," Mama Pindo akasema, akiinama karibu na kioo. "Kama kitambaa kisicho na lebo."

"Umeshaelewa."

Wakafungua ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Katika kila mmoja Mama Pindo alishuka kwanza chini kumtafuta mwenye ukurasa. Wa tano ulikuwa wa kituo cha utangazaji cha umma cha huko huko Japani. Masomo yalikuwa mafupi, ya dakika kumi kumi, tena bure, na maelezo yalipatikana kwa Kiswahili. Sauti zilikuwa za Wajapani wenyewe. Palikuwa na sehemu ya mambo ya nyumbani: kuamka, kuoga, kuvaa nguo, mzazi kwenda kumchukua mtoto shule ya chekechea.

"Hiki!" Mama Pindo akasema. "Hiki ndicho kitambaa changu."

"Basi shika hiki kimoja mpaka mwisho. Pakua masomo kwenye simu yako hapa hapa. Nyumbani utasikiliza bila kutumia bando. Zile programu kumi na moja tuzifute, simu ipumue."

Wakazifuta moja moja. Mama Pindo aliziaga kwa mkono, mkutubi akacheka.

"Kuna mwalimu mmoja hujamgusa," mkutubi akasema. "Mkamwana wako."

Mama Pindo akatazama pembeni. "Huyo namwonea haya. Miaka yote hii tunainamishiana vichwa tu kwenye simu. Nitaanzaje?"

"Mtumie sentensi moja kwa sauti yako. Mwombe akusahihishe. Programu ya kutafsiri itakusaidia kumwandikia ombi, mradi uandike sentensi fupi fupi. Lakini hiyo mashine hukosea. Sauti yake yeye ndiyo uifuate."

Jioni ile Mama Pindo alituma ujumbe. Alikuwa ameandika: Mimi mama mkwe wako. Nataka kumpima mtoto gauni. Nifundishe maneno. Kisha akashika simu kama kitu cha moto.

Jibu lilifika asubuhi. Mkamwana alitamka sentensi moja polepole, mara tatu. Te o agete. Inua mikono. Nyuma ya sauti yake alisikika mtoto akiimba. Mama Pindo akairudia sentensi ile, akaituma. Ikarudi na marekebisho na kicheko laini, kicheko cha mtu aliyefurahi. Kesho yake ikaja nyingine. Na kesho kutwa nyingine.

Hivyo ndivyo mwezi na nusu ulivyopita. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, somo moja la dakika kumi. Kila siku, sentensi moja ya mkamwana. Mama Pindo aliziandika kwa chaki ya fundi kwenye ubao wa kukatia, anavyozisikia yeye. Babu akawa mtoto wa kupimwa.

"Te o agete," bibi anaamuru.

Babu anainua mikono.

"Kurutto mawatte."

Babu anageuka, mikono juu. "Mke wangu," analalamika, "mteja yuko mlangoni ananitazama."

"Mtoto mzuri haongei akipimwa."

Kuna siku alisahau kila kitu. Kuna siku aliudhika, akaufuta ubao wote. Lakini hakuhamia somo jingine. Akarudi lile lile, akaliandika upya.

Jumapili ya kupima ilipofika, babu alikuwa amekaa kwenye kiti chake mapema, shati limepigwa pasi. Simu ikaita mara moja tu, ikafunguka bila kukwama. Mkamwana alikuwa amesimama sebuleni na futi shingoni, kama fundi hasa. Akamwinamia mama mkwe wake. Mtoto alikuwa nyuma ya kochi. Yalionekana macho tu.

Mama Pindo akafungua daftari. Mume wake akamgusa kiwiko chini ya meza.

"Te o agete," Mama Pindo akasema. Maneno yalinyooka.

Yale macho yakajificha. Kisha mikono miwili midogo ikainuka juu ya kochi.

"Mungu wangu," babu akanong'ona.

Mtoto akatoka, mikono bado juu, akaja mpaka katikati ya sebule. Mama yake akapitisha futi kifuani, akasoma namba. Mama Pindo akaandika. Machozi yalimdondokea kwenye daftari, akayafuta kwa kiganja akaendelea kuandika. Mabega. Urefu. Kiuno.

"Kurutto mawatte."

Mtoto akazunguka. Akapenda, akazunguka tena, na tena, mpaka futi likamzonga na wote wakacheka, huku na kule, kwa wakati mmoja. Hapakuwa na mtu wa kutafsiri kicheko hicho.

Wakati wa kuagana, mkamwana akasogea karibu na kioo. Akatafuta neno, akalipata.

"Asante, mama," akasema kwa Kiswahili.

Kumbe naye alikuwa na mafunzo yake.

Kisha mtoto akamsukuma mama yake pembeni, akaweka uso mzima kwenye simu.

"Obaachan, eki made mukae ni iku ne!"

Mwanawe akafungua mdomo atafsiri. Mama Pindo akainua mkono.

"Nyamaza, mwanangu. Nimesikia."

Stesheni alikuwa anaijua. Na lile jingine lilikuwa la somo la chekechea, la mzazi anayekwenda kumchukua mtoto. Mjukuu wake alisema: Bibi, nitakuja kukuchukua stesheni.

"Hai," Mama Pindo akamjibu. Ndiyo.

Gauni la pili lilikuwa la bluu. Mabegani lilipita, urefu ulikaa, pindo limenyooka kama mstari wa rula. Picha ilikuja baada ya wiki tatu. Mtoto amesimama mlangoni kwao ndani ya gauni lake, anacheka. Miguuni amevaa viatu.