Maziwa Yalipochacha Keringet

Kila asubuhi Cheruto alikamua ng'ombe wake na kupeleka maziwa kwenye tangi la kikundi cha wafugaji, huko juu Keringet. Tangi hilo lilipozwa kwa jenereta ya dizeli, maana nguzo za stima hazikuwa zimefika. Cheruto alikuwa mjane. Maziwa hayo ndiyo yaliyomweka bintiye Chepngeno shuleni.

Mwaka huo maziwa yakaanza kuchacha. Lori la kiwanda likija, dereva anapima, anatikisa kichwa, na yote yanamwagwa mtaroni. Mbwa wa kijiji walinenepa, wenye ng'ombe wakakonda. Chepngeno akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Lawama zikamwangukia Kemboi, jirani yake Cheruto, aliyeendesha jenereta. Watu walikuwa wakiisikia ikizimwa usiku. Kemboi aliwaeleza kwamba dizeli imepanda bei na ile wanayonunua haifiki asubuhi, lakini nani amsikilize? Wakasema pafukapo moshi hapakosi moto. Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, Cheruto mwenyewe alisimama akasema mbele ya wazee na watoto kwamba Kemboi anauza dizeli yao. Ulimi hauna mfupa. Wiki hiyohiyo Kemboi akahama.

Jenereta ikapewa mtu mwingine. Maziwa yakachacha vilevile.

Ndipo Anyango, afisa wa mifugo, alipokuja kutibu ndama wa Cheruto. Alisikiliza kisa chote akiwa anaosha mikono.

"Mama Chepngeno, hakuna mtu aliiba," alisema. "Hii dizeli hatuchimbi hapa. Inatoka ng'ambo na meli, na inalipwa na dola. Dola tunapata tukiuza chai na maua. Vita ikitokea huko mbali, ama shilingi ianguke, bei inapanda hata kama sisi hatujakosea mtu."

"Na hiyo inahusu nini na maziwa yangu?"

"Si maziwa pekee. Lori inakunywa mafuta, kwa hivyo unga inapanda, mbolea inapanda. Na zile dola nchi ingenunulia dawa za hospitali, zinachomeka kwa injini."

Cheruto aliuliza kama ugonjwa huo una dawa. Anyango akamweleza kwamba stima nyingi ya Kenya inatokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji na upepo, vitu vyetu wenyewe. Lakini wakingoja nguzo watangoja sana, kwa hivyo wanunue paneli za sola. Paneli nazo zinatoka ng'ambo, hakumficha, ila ukishazinunua, jua la kesho hulinunui.

Wanakikundi walinung'unika. Hata hivyo walikubali kukatwa malipo ya maziwa msimu mzima, na paneli zikapandishwa juu ya paa, na betri za kuweka stima ya usiku zikafungwa chini yake. Jenereta ikabaki ya siku za ukungu. Maziwa yakakaa baridi, lori likayachukua yote. Chepngeno akarudi shuleni, ingawa wenzake walikuwa wamekwisha kumwacha darasa moja.

Cheruto hakuwa na raha. Kila akipita karibu na nyumba ya Kemboi iliyofungwa, aliona aibu. Mwishowe akamfuata hadi Kariandusi alikohamia, akamkuta akifanya kibarua machimboni, amejaa vumbi jeupe. Akamweleza yote aliyojifunza, akamwomba msamaha, akamsihi arudi aangalie mitambo ya sola.

Kemboi alimpa kiti, akajipangusa vumbi usoni.

"Nimekusamehe, mama," alisema. "Lakini maziwa ikichacha mnamwaga, kesho mnakamua ingine. Sasa jina yangu ikichacha, nitakamua ingine wapi?"

Cheruto alirudi Keringet peke yake.