Sentensi Iliyomvua Mama Aproni

Kila akitoka shule, binti aliyeitwa Kasuku alimpitia mama yake kazini, kwenye duka la kufulia na kupiga pasi nguo. Mtaani walimpa jina hilo kwa sababu ya Kiingereza chake cha kukariri, naye alijisikia sana.

Jioni moja alimkuta mama amevimba macho. Gauni la mteja lilikuwa limeungua kwenye meza ya mama ya kupigia pasi, na tajiri mwenye duka alitaka maelezo ya maandishi kwa Kiingereza, kwani mteja hakujua Kiswahili.

“Andika hivi,” mama alisema. “Nilitoka chumbani baada ya kuzima pasi. Aliyeiwasha tena simjui. Ila mwonyeshe mwalimu wako kwanza.”

“Mama, na wewe! Hiyo si kazi ya kumsumbua mwalimu.”

Akaandika fasta: *I left the room before I switched off the iron.* Mwalimu alipofundisha viunganishi *before* (kabla) na *after* (baada), Kasuku alikuwa akipiga soga na wenzake. Mama, asiyejua Kiingereza, akatia sahihi.

Jumamosi asubuhi, Kasuku akiwa amefuatana na mama kazini, tajiri aliwakusanya wapiga pasi, akaisoma karatasi, kisha akaitafsiri taratibu.

“‘Nilitoka chumbani kabla ya kuzima pasi.’ Umekiri mwenyewe. Vua aproni.”

“Nimekosea mimi,” Kasuku alisema. “Nilitaka kuandika ‘baada’.”

“Kumbe umekuja na wakili,” tajiri akamwambia mama. Wapiga pasi wakacheka. Aliyecheka zaidi ni jirani wa meza ya mama.

Mama na binti wakaenda moja kwa moja kwa mwalimu. Mwalimu hakumbembeleza Kasuku.

“Kipi kilitangulia, kuzima au kutoka?”

“Kuzima.”

“Basi *after* inakaa mbele ya tendo lililotangulia. Andika.”

Akaandika, machozi yakidondokea karatasi: *I left the room after I had switched off the iron.*

“Nilipofundisha hili ulikuwa unacheka,” mwalimu alisema. “Mbona leo hucheki?”

Kisha akafuatana nao dukani, akamsomea tajiri sentensi mpya na kumweleza kosa lilivyotokea. Tajiri akawageukia wafanyakazi.

“Kama alizima, basi yupo aliyewasha. Hatoki mtu humu mpaka nimjue.”

Jirani wa meza akainamisha kichwa. “Ni mimi. Niliiwasha nikaisahau.”

Akafukuzwa papo hapo. Tajiri akamtupia mama aproni bila hata neno la pole.

Mama aliifunga kiunoni, akamvuta binti yake pembeni.

“Ulipoandika, mimi ndiye niliyekuwa nasema. Kwa neno moja ukanigeuza mzembe mbele ya watu. Usipolijua neno, uliza kabla hujaandika, hata kama watakucheka.”

“Nisamehe, mama.”

“Nimekusamehe. Lakini wale walionicheka, ndio nitakaofanya nao kazi kila siku. Nenda nyumbani ukasome.”