Jina la Baba Mkwe

Makande yalikuwa bado yanachemka jikoni nilipotoka kwenda kumchukua baba mkwe. Nasema kumchukua, ingawa tulikwisha kumzika tangu mwaka uliopita. Alikuwa akitafuta mbuzi wake kule kilimani, ng'ambo ya mto, ukuta wa ile ngome ya zamani ya Waingereza ukamwangukia. Mwili tukauleta nyumbani. Roho hakuna aliyekwenda kuichukua. Uzembe tu wa watu wazima.

Sasa mume wangu, Lwandiso, alikuwa amekonda mpaka shati ndilo lililomvaa yeye. Mganga alituambia bila kupepesa macho: baba yenu anaona baridi kule, anamwita mwanawe akamtie joto. Asipofika nyumbani leo kabla giza halijaingia, mwanawe atamfuata.

"Lakini hii ni kazi ya wanaume, mama," nilimwambia mama mkwe.

"Mwanamume gani amebaki hapa, Nosakhele? Yule jogoo?"

Miguu yake ilikuwa imevimba, asingeuweza mlima. Akanipa tawi la mphafa, ule mti wa miiba unaobeba roho ya marehemu. Masharti niliyajua tangu utotoni. Unaligusisha mahali alipofia, unamwita, unaanza safari. Njiani unaongea na yeye tu. Na hugeuki nyuma.

Jirani yangu Nokhwezi alinisindikiza. Mdomo wake haujui kupumzika. "Shoga, mwambie huyo mzee matusi yake ayaache hukohuko," alisema. Nilicheka. Nilihitaji kucheka.

Ngomeni kulinuka mawe yenye unyevu. Na kitu kingine... kikali, kama kiberiti kilichozimwa. Nikaligusisha tawi kwenye yale mawe yaliyomuua.

Hapo nikakwama.

Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake. Tangu niolewe sikuwahi kulitia mdomoni, na hata maneno yanayofanana nalo nilikuwa nayakwepa. Basi nikamwita kwa heshima, kwa jina la ukoo.

"Cirha, twende nyumbani."

Tawi likawa zito. Nilifurahi, jamani! Amekubali. Kisha likazidi kuwa zito, nikalishika kwa mikono miwili, miiba ikanichoma.

"Cirha, tunateremka. Cirha, haya ni maji, tunavuka mto."

Chubwi... chubwi... chubwi...

Nyuma yangu maji yalikuwa yakikanyagwa. Nilipanda ukingo, nikakata kona, nikaenda mbele sana. Yalikuwa bado yanakanyagwa.

Nokhwezi, aliyekuwa mbele yangu, akageuka kunitazama. Mdomo ukabaki wazi.

"Nosakhele..." akanong'ona. "Wote hao... unawapeleka wapi?"

Sikuruhusiwa kumjibu. Sikuruhusiwa kugeuka. Nokhwezi akatimua mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani. Ningelitupa lile tawi, lakini nikimtupa baba, nimemuua Lwandiso. Nikajikaza kisabuni, nikaendelea kutembea.

Kabla sijafika nyumbani, ng'ombe walivunja zizi wakakimbia. Mama mkwe akanishikia mlango, nikaliweka tawi ndani, karibu na kitanda cha mgonjwa. Akataka kufunga. Mlango ukagoma. Ubaridi ukapita kati yetu kuingia ndani. Ukapita tena... na tena...

"Ulimwitaje?" akauliza.

"Cirha. Ningemwitaje, mama?"

Akakaa sakafuni. "Wakati wa vita na Waingereza, askari wao waliwafungia Wacirha mle ngomeni, chumba kizima kikajaa. Wazee walisema waligonga mpaka wakachoka kugonga. Hakuna aliyewahi kwenda kuwaita, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza."

Niliwaogopa. Niliwahurumia pia, sitaficha.

Kitandani Lwandiso alijisogeza kuelekea ukutani, kama anayempisha mtu. Akajisogeza tena. Akajikunyata.

"Baba ameingia?" nikamuuliza.

"Yuko nje, langoni," akanong'ona. "Hana pa kupita."

Na kweli tulikisikia kikohozi chake, kilekile cha tumbaku.

"Mwite kwa jina lake," mama mkwe akasema. "Aliyemleta ndiye wa kumwingiza. Fanya haraka, giza hilo!"

Nikasimama mlangoni. Niliona aibu, niliona hofu, lakini nililitamka.

"Dumalisile!"

Kikohozi kikanyamaza.

Nyuma yangu, ndani ya nyumba, wakaitika.

"Naam."

Wote.

Nilipiga kelele kwamba si nyinyi, ni yeye, ni huyu wa langoni! Nikaliita tena lile jina, nikalia nalo. Kila nilipoita, wao waliitika kwa upole, kama watu waliosubiri kuitwa kwa muda mrefu mno.

Huko nje, nyayo za mtu mmoja zikaanza kurudi kuelekea mtoni, polepole.

Kisha zikawa za watu wawili.

Sikugeuka kutazama kitandani.