Kiti cha Pili

Kioo cha mbele kilikuwa kimepasuka kutokea ndani.

Mama Nyundo alikitazama akiwa amesimama, kisha akachuchumaa akakitazama tena, maana hakuyaamini macho yake. Miaka thelathini ya kunyoosha bodi za magari ilikuwa imemfundisha kuisoma ajali kama wengine wasomavyo barua. Boneti lililokunjamana lilieleza habari za ukuta wa mawe. Madigadi ya kulia ilionyesha jinsi gari lilivyoserereka kabla ya kugonga. Lakini upande wa abiria kioo kilibenuka kwenda nje, na katikati ya mpasuko palikuwa na duara la ukubwa wa kichwa cha mtu. Mkanda wa kiti cha upande huo nao ulikuwa umevutika hadi nyuzi zikachomoza, kama mkanda uliomzuia mtu mzima asirushwe.

Na binti yake, Kitinda, aliapa kwamba alikuwa peke yake.

"Basi jibu si hilo hapo?" alisema Dada Mkubwa, aliyekuja gereji kutoa pole na kupeleleza kwa mkupuo mmoja. "Kulikuwa na mwanamume. Kapata mchubuko, kakimbia. Mwanao anamficha."

"Mwanangu hasemi uongo."

"Kila mama husema hivyo."

Neno hilo lilimchoma Mama Nyundo, kwa kuwa yeye mwenyewe, siku ya ajali, hospitalini, kabla hata ya kuuliza mguu uliovunjika unaumaje, alikuwa ameuliza, "Ulikuwa na nani?"

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, dogo, la mbio, la viti viwili tu, la zamani kuliko Mama Nyundo. Marehemu baba yake alilikuta kwenye chuma chakavu akalifufua kipande kwa kipande. Kwa miaka yote aliyoliendesha, kiti cha pili alikiwekea sanduku la spana na kulifunga mkanda kama abiria. Watu walimcheka. Alipofariki, Mama Nyundo alilitoa sanduku lile kwa sababu lilikuwa linachana ngozi ya kiti.

Jioni aliketi kitandani kwa binti yake. Kitinda alikuwa ameelekea ukutani, mguu kwenye plasta.

"Nimekiona kioo," mama alisema. "Nisamehe. Niambie alikuwa nani."

Kitinda alimgeukia. Kisha akanong'ona, "Alikuwa babu."

"Babu yupi?"

"Babu. Sauti yake, mama. Ilitoka kiti cha pili. 'Kaza mwendo, mjukuu wangu, barabara ni yetu.' Nikakaza. Nilifurahi, nilikuwa nimemkumbuka mno. Kwenye kona nikageuka nimtazame." Alivuta shuka hadi kidevuni. "Kulikuwa na kitu kimekaa. Hakikuwa babu."

Mama Nyundo alihisi nywele zikimsimama. Baba yake aliendesha polepole hadi wenye baiskeli wakampigia kengele apishe. Maishani mwake hakuwahi kukaza kitu isipokuwa nati.

"Na bado kinaniita," Kitinda aliendelea. "Kila mchana. Kinauliza gari litapona lini. Kinasema safari yetu haijaisha."

Asubuhi Dada Mkubwa alishauri gari likatwekatwe liuzwe chuma chakavu.

"Ili vipande vyake vikamuue mtoto wa nani?" aliuliza Mama Nyundo, akachukua nyundo yake.

Alifanya kazi wiki baada ya wiki. Alinyoosha fremu ya gari, akabadilisha kioo na mkanda, akalikunjua boneti kwa moto na kitambaa kibichi. Siku moja jua lilipofika utosini, mafundi wengine wakiwa wamekwenda kula, alibaki peke yake na mlango wa abiria. Aligonga mara tatu, akapapasa bati kwa kiganja, na kabla hajainua nyundo tena akasikia tatu nyingine, taratibu, zikitokea ndani ya mlango uleule.

Alisubiri. Aligonga mbili. Zikajibiwa mbili.

Kisha ikaja harufu ya shaba iliyosuguliwa kwa mikono yenye jasho, ikamjaa puani na kooni, na kiti cha pili kikabonyea polepole, springi moja baada ya nyingine, kama kinavyobonyea mtu mnene anapojiweka sawa, na mkanda mpya aliouweka juzi ukajivuta wenyewe ukapita hewani ukajifunga, kwa!, na sauti iliyomlea naye akaizika, sauti ya baba yake yenye kikohozi kilekile cha moshi wa kuchomelea, ikasema karibu kabisa na sikio lake, "Bado kidogo, binti yangu. Maliza upesi."

Machozi yalimtoka. Alikuwa amemkumbuka baba yake kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Ndipo hasira ikampanda, hasira ya mtu aliyeibiwa marehemu wake.

"Kama unajua kugonga," alisema, "njoo ushike nyundo. Hapa hatulishi wavivu."

Alirudisha sanduku la spana kitini siku hiyohiyo. Kesho yake alilikuta katikati ya gereji, limepasuliwa, spana zimepindwa.

Mganga aliyemwita alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na mkoba wa shule. Alilizunguka gari mara moja, akanusa, akarudi nyuma hatua tatu.

"Kiti kitupu ni mwaliko," alisema kwa sauti ya chini. "Baba yako alijua. Jini hili hudandia magari penye kona ile ya ukuta wa mawe. Zamani sanduku lilitosha kulizuia. Sasa limeonja, limekaa na mtu, halikubali chuma."

"Lifukuze."

"Dada yangu, hili si kuku aliyeingia jikoni. Silimalizi mimi. Naweza kukwambia tu jinsi ya kulishusha. Lipelekwe lilikopandia, mtu amelikalia njia nzima lisipate nafasi ya kugeuka. Na aliyelitii ndiye alikatae."

"Yaani Kitinda aendeshe."

"Aendeshe yeye. La sivyo liachie jini gari, ulisahau."

"Gari la baba yangu? Nipishe!"

Plasta ilipotolewa na mguu ukapata nguvu, rangi nyekundu ilikuwa imeshakauka. Mama Nyundo alivaa ovaroli yake safi kabisa, akafungua mlango wa abiria mchana kweupe. Kiti kilikuwa kimebonyea tayari. Baridi ilitoka pale kama mlango wa friji.

"Mama," Kitinda alinong'ona, "kimo ndani."

"Najua kimo. Nami sijapungua uzito tangu nikuzae." Akajitupa kitini kwa kishindo. Chini yake alihisi magoti, membamba, marefu kupita kiasi. "Umeketi? Basi nimekukalia. Vumilia hivyohivyo. Twende, mwanangu."

Walikwenda. Mikono baridi ilimzunguka kiunoni ikabana. Hakusema, asije akamtisha dereva. Barabara ilipoanza kuteremka kuelekea konani, harufu ya shaba ikazidi, na sauti ya babu ikaanza, kwanza kwa upole, "Kaza, mjukuu wangu," kisha kwa kusihi, ikisema kwamba ni mgonjwa, kwamba huko aliko ni giza, kwamba akikaza kidogo tu watafika pamoja na hakuna atakayemwita mwongo tena, na Kitinda akawa analia waziwazi huku mguu wake mbovu ukitetemeka juu ya pedali ya mafuta na ukuta wa mawe ukikua mbele yao, na Mama Nyundo, aliyebanwa hadi pumzi hazipiti, hakuweza kutamka ila neno moja.

"Nakuamini."

Kitinda aliupeleka mguu kwenye breki. Gari lilisimama hatua mbili kutoka ukutani.

"Wewe si babu," alisema. "Safari imeishia hapa. Shuka."

Mlango wa abiria ulifunguka. Ukafungwa taratibu, kwa adabu. Mama Nyundo akazama ghafla ndani ya kiti kilichokuwa kiti tu.

Nyumbani, alipovua ovaroli, aliona alama za mikono miwili, kijani kama kutu ya shaba. Vidole vilikuwa virefu hadi vimekutana kitovuni. Hakuifua. Aliitundika kwenye geti la gereji, na mtaa mzima ukapita kuitazama.

Siku ya tatu Dada Mkubwa alikuja. Alisimama mbele ya ovaroli ile, akaenda moja kwa moja kwa Kitinda akamshika mikono.

"Nilikuzushia, mwanangu. Nisamehe."

"Yameisha, mama mkubwa," alisema Kitinda.

Mama Nyundo alikuwa akitazama nje ya geti. "Dada, umekuja na gari lako?"

"Ndiyo. Peke yangu."

"Umepita njia ipi?"

"Ile ya konani. Ndiyo fupi. Kwa nini?"

Ndani ya gari la Dada Mkubwa hapakuwa na mtu, lakini mkanda wa kiti cha pili ulikuwa umefungwa.

Mama Nyundo alishusha pumzi. Kisha akaitungua ovaroli getini, akaanza kuivaa.

"Chukua funguo zako, dada," alisema. "Leo unaendesha wewe."