Leonia na Dawa ya Maji

Leonia alikuwa mtumishi wa serikali katika mtambo wa maji wa Rusenga, kando ya Ziwa Tanganyika. Kila asubuhi alitia dawa ya kuua vijidudu kwenye tangi, kisha akafungulia maji yaende kijijini.

Mvua zilipoanza, mkuu wake, Crispin, alianza kupakia madumu ya dawa kwenye gari na kwenda kuyauza.

"Wewe fungulia maji tu," alimwambia Leonia. Akaongeza kwamba atakayefungua mdomo atahamishwa mbali.

Leonia akafungulia. Haukupita muda mrefu, watoto wakaanza kuharisha. Marcelina, binti wa jirani, alilazwa akiwa hoi. Leonia alikwenda kumwona, akashindwa kumtazama mama wa mtoto usoni.

Alimweleza Gasper, mumewe. Gasper alimsihi anyamaze, kwani mshahara wa Leonia ndio uliowalisha wote.

"Na mtoto akifa?" Leonia aliuliza.



Leonia akaenda mjini, mtaa wa Mwanga, kwa Elinipa, msaidizi wa kisheria. Alizungumza huku akitupia jicho mlangoni.

"Dada, sheria ya kulinda watoa taarifa ipo tangu mwaka 2015," Elinipa alimwambia. "Nenda polisi au TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa. Hata kwa mdomo inatosha. Jina lako litakuwa siri. Ukisema kwa nia njema jambo unaloamini ni kweli, ni marufuku kukufukuza, kukuhamisha au kukusumbua kwa sababu hiyo. Ila usitunge uongo. Hilo ni kosa."

"Na mkuu akinihamisha?"

"Rudi ukaseme. Hapo atakuwa ameongeza kosa jingine."

Leonia alikwenda TAKUKURU, akasema yote. Aliporudi aliwahimiza majirani wachemshe maji ya kunywa. Kila gari lililosimama mtamboni lilimshtua.

Wachunguzi walikuja. Crispin akamshuku Leonia, akamwambia afungashe, anahamishwa. Leonia alilia njia nzima, lakini alirudi TAKUKURU. Uhamisho ukasitishwa. Crispin akasimamishwa kazi, akafikishwa mahakamani. Dawa ikarudi tangini, na Marcelina akapona.

Siku moja Walter, dereva wa mtambo, alimfuata Leonia pembeni. Ndiye aliyekuwa akiendesha gari la madumu, akanyamaza kwa hofu. Sasa kulikuwa na jambo jingine, la wizi wa mafuta ya jenereta ya mtambo, na safari hii hakutaka kunyamaza.

"Dada Leonia," alisema kwa sauti ya chini, "ile ofisi ni ipi?"

Leonia akajifunga kitenge vizuri.

"Twende," alisema. "Nitakusindikiza."