Nani Aliyewazuia Kuku Kutaga?

Mtaa mzima ulimwita Mama Mayai, hata mumewe akazoea kumwita hivyo. Kila asubuhi alipita na trei nyuma ya nyumba, kwenye mabanda yake mawili ya kuku. Moja kubwa, moja dogo. Mayai ya banda kubwa ndiyo yaliyowasomesha watoto.

Mumewe alikuwa fundi bomba. Stoo kulikuwa na pipa jeusi la maji, na kutoka hapo alivuta bomba hadi banda kubwa. Kuku wakanywa bila mtu kubeba ndoo. Banda dogo aliahidi kulifikishia bomba "wiki ijayo". Loo! Wiki ijayo hiyo ilikuwa imezeeka mpaka ina mvi. Mganga hajigangi. Huko Mama Mayai alipeleka maji kwa ndoo, akiyachota kwenye bomba la mtaa.

Kisha akaja wifi yake, dada wa mumewe. Alikuwa amefiwa na mume, hana pa kukaa. Alifika na begi moja.

"Karibu, wifi. Hapa ni kwenu," Mama Mayai alisema, na alisema kwa moyo.

Wakamwachia stoo iwe chumba chake. Mumewe akalitoa pipa, akaliweka nje kando ya ukuta. Wifi hakuwa mtu wa kukaa bure. Alifagia mabanda yote mawili, akawapa kuku chakula, na kazi yake yote aliifanya akiimba.

Haukupita muda, mayai ya banda kubwa yakaanza kupungua.

"Labda wamechoka," alisema mume.

"Kuku anachoka nini? Kukaa?"

Mama Mayai akawaza. Aliwahi kufundishwa kwamba kuku akishtushwa hatagi vizuri. Hilo ni kweli. Basi akaunganisha: wifi amekuja, mayai yamekwenda. Wifi anaimba bandani, kuku wanashtuka. Jibu hilo hapo!

"Wifi, samahani. Ukiingia bandani usiimbe. Unawashtua kuku."

"Jamani! Nisamehe, wifi. Sikujua."

Tangu hapo wifi alifagia kimya. Mayai hayakurudi.

Je, Mama Mayai alijiuliza? Wapi! Alisema tatizo ni kandambili za wifi, zinapiga makelele. Wifi akazivua, akaingia pekupeku. Mayai hayakurudi.

Baadaye wifi alikwenda kuwasalimia wakwe zake, akakaa huko wiki nzima. Wiki hiyo ilikuwa ya mvua na baridi. Mayai yakaongezeka.

"Si umeona?" Mama Mayai alimwambia mumewe mezani. "Kaondoka tu, kuku wametaga! Nilikwambia ni yeye, ukaniona mbaya."

Mume aliacha kula. Alikuwa anatazama mlangoni. Wifi alikuwa amesimama pale, amerudi, begi bado liko mkononi.

Hakulia wala hakugombana. Asubuhi alifungasha. "Wifi, watoto wa kaka yangu wasikose masomo kwa ajili yangu," alisema. Akaenda zake. Mume hakugusa chai siku ile.

Mvua zikaisha, jua likarudi kwa ukali. Na mayai? Yakapungua kuliko kwanza. Sasa hakukuwa na wifi wa kusingizia. Ndipo Mama Mayai alipomwita mtaalamu wa mifugo. Mtaalamu huyo alikuwa mwanamke, lakini watu walimwita Bwana Mifugo, na yeye aliitika tu.

Alikagua kuku, akaonja na chakula chao kwa ncha ya ulimi. Kisha akauliza kisa. Mama Mayai akasimulia yote, akamalizia: "Nahisi aliwaachia hofu."

"Huyo wifi alikuwa anaingia banda gani?"

"Yote mawili."

"Akiimba kote?"

"Kote."

"Banda dogo mayai yalipungua?"

Mama Mayai aligeuka akalitazama banda dogo. "Hapana."

"Alipoacha kuimba, mayai yalirudi?"

"Hapana."

"Alipoondoka moja kwa moja?"

"Yamezidi kupungua," alijibu kwa sauti ndogo.

"Mama yangu, haya yote yanaipinga hoja yako. Mbona hukuyatazama?"

"Lakini ile wiki aliyosafiri, waliongeza mayai! Nimeona kwa macho yangu."

"Nakuamini. Wiki hiyo kulikuwaje?"

"Mvua tupu."

"Basi mambo mawili yalibadilika pamoja. Wifi hakuwepo, na jua halikuwepo. Ushahidi huo unamfaa wifi, unalifaa na jua. Hautuambii ni lipi. Ila wewe ulishaamua, ukachukua unaokufurahisha. Mwamba ngoma huvutia kwake."

Mama Mayai akainamisha kichwa.

"Sasa niambie. Wifi alipohamia, ni kitu gani kingine kilibadilika?"

Mume ndiye aliyejibu, taratibu. "Pipa. Nililitoa stoo ili apate chumba."

Wakaenda wote watatu kando ya ukuta. Ilikuwa saa saba mchana. Pipa jeusi lilikuwa juani, na bomba limelala juu ya ardhi. Bwana Mifugo akafungua maji.

"Weka mkono, mama."

Mama Mayai aliweka, akautoa mara moja. "Mungu wangu! Yanachoma."

"Kuku hanywi maji ya moto. Asipokunywa hali vizuri, na asipokula hatagi. Wa banda dogo wanapata ya ndoo, ya baridi." Akatikisa kichwa. "Wazee walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Hapa kwenu jua ndilo lenye makosa, akasingiziwa mtu."

"Kwa hiyo umeshajua ni pipa?" aliuliza mume.

"Bado. Hii nayo ni hoja, tuijaribu. Lifunikeni pipa, lifukieni bomba. Msibadilishe chakula wala kitu kingine chochote. Mayai yakirudi, hoja yangu imepata nguvu. Yasiporudi, nimekosea, niiteni nitafute tena."

Mume alijenga kibanda cha mabati juu ya pipa siku ileile, na bomba akalifukia. Safari hii hakusema wiki ijayo. Maji yakapoa. Pole pole mayai yakaongezeka, mpaka trei zikajaa kama zamani. Watoto wakashangilia. Mama yao hakushangilia.

Alikwenda kumtafuta wifi. Alimkuta anapiga pasi kwa dobi, amepanga chumba karibu na hapo. Akamweleza yote, pipa, jua na mvua, huku machozi yanamtoka.

"Nimekukosea, wifi yangu. Macho nilikuwa nayo, sikuyatumia. Rudi nyumbani."

Wifi aliiweka pasi pembeni. "Nimekusamehe. Tena nafurahi watoto wanasoma. Lakini kurudi, hapana."

"Kwa nini, wifi?"

"Nikuulize kwanza. Huyo mtaalamu asingeligundua hilo pipa, ungekuja kunitafuta?"

Mama Mayai alitaka kusema ndiyo. Akaikumbuka meza ile, na maneno aliyoyasema. Hakuweza kudanganya.

"Nisingekuja," alisema.

Wifi akaitikia kwa kichwa, akachukua shati lingine, akaendelea kupiga pasi.