Siwezi Kurudi Nisikotoka

"Shusha hicho kitanda!"

Wanaume wawili waliokuwa wamekibeba walisimama pale pale getini, kitanda kikining'inia kati yao. Nyuma yao lori lilikuwa limeshajaa nusu. Kabati, makochi, meza, hata cherehani ya zamani.

Nthambi alikuwa akihema, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Alikuwa ametoka mbio kwenye kibanda chake cha kushonea pale madukani Buruburu, baada ya jirani yake Qali kumuuliza, "Mama Nekesa, kwani mnahama bila hata kuniaga?"

"Mama, sisi tumetumwa tu," akasema mmoja wa wabebaji, mtu mzima aliyeitwa Bwire.

"Na aliyewatuma yuko wapi?"

Mumewe akatokea mlangoni na shati jeupe na tai yake ya kazini, amekumbatia redio.

"Mama Nekesa, ingia ndani tuongee. Watu wanatuangalia."

"Waangalie! Tunaenda wapi, Mulongo?"

Mulongo akashtuka. Tangu wampate mtoto wao, mkewe hakuwa amemwita kwa jina lake. Siku zote ilikuwa Baba Nekesa.

"Nyumbani," akasema. "Kimilili."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu. Si unaona vile mambo yamekuwa? Unga umepanda, kodi imepanda, kila siku serikali inafuta watu kazi. Kule kuna shamba, kuna maziwa, kuni hatununui. Watu wengi wanarudi."

"Warudi! Mtu anarudi alikotoka. Mimi nimezaliwa Maringo, hapo tu kando ya Jogoo Road. Siwezi kurudi nisikotoka. Kimilili nimeenda wakati wa harusi na wakati wa mazishi ya baba yako, na siku zote mbili nilisikia nikiitwa 'yule Mkamba wa Mulongo.'"

"Watakuzoea."

"Na Nekesa? Saa hii yuko darasani anasoma, hajui kitanda chake kiko barabarani!"

"Tungempitia njiani."

"Kama mzigo!"

"Nthambi, imekwisha. Nilishampa Wanyoike notisi. Mpangaji mwingine anaingia leo jioni."

Wanyoike ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Nthambi akashika geti. Nyumba ile ndimo Nekesa alimojifunza kutembea, na mumewe alikuwa ameitoa jinsi mtu anavyotoa shati kuukuu.

Dereva wa lori, Mativo, alichoka kungoja. Akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, tuharakishe basi. Nataka tushushe mzigo leo leo, kesho mapema tugeuze na wewe tuwe Nairobi kabla ya giza."

Bwire akatazama chini.

"Amesema mgeuze na nani?" Nthambi akauliza polepole.

"Huyo hajui anachosema," Mulongo akajibu haraka.

Kabla hajaongeza neno, simu ikalia ndani. Ilikuwa imewekwa sakafuni, kwa kuwa meza yake ilikuwa imeshapakiwa. Nthambi akamwahi mumewe, akachuchumaa kwenye sebule tupu, akaishika.

"Halo?"

"Ni wewe, mwanangu?" Ilikuwa sauti ya mama mkwe wake, Rispa, akipiga kutoka posta ya Kimilili. "Mmeshatoka?"

"Bado, Mama."

"Nilitaka kujua Mulongo atalala siku ngapi kabla hajarudi huko kazini. Nichinje kuku leo ama ningoje kesho?"

"Kwani alikwambia anarudi?"

"Si alisema anakuleta wewe na mtoto, halafu yeye anarudi Nairobi?" Kisha Mama akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Hakukwambia?"

Nthambi akaikaza simu sikioni.

"Nthambi, nisikilize kabla hii simu haijakatika. Mimi baba yake Mulongo alinijengea nyumba hapa, akanifungia ndani yake na jembe, yeye akarudi Nairobi. Alikuja Krismasi, Januari akaenda. Nikabaki na mimba, nikazaa peke yangu. Watoto wawili nilizika, yeye akafika baada ya matanga. Siku aliyokuja kukaa, alikuja ndani ya sanduku, na wewe mwenyewe ulikuwepo. Sasa mtoto wangu, niliyembembeleza hapa akililia baba yake, anataka kukufanya vile vile? Mimi nakupenda, lakini usikanyage hapa kwa njia hiyo. Unanisikia? Nipe huyo mtu."

Nthambi akamtupia Mulongo simu kifuani.

"Ndiyo, Mama," Mulongo akasema. "Hapana, Mama. Si hivyo, Mama." Kisha laini ikakatika, akabaki ameishika sikioni kana kwamba bado anasikiliza.

"Ni nani?" Nthambi akauliza.

"Nani nini?"

"Huyo mwanamke! Unanitupa Kimilili na jembe ili wewe ubaki na nani? Anakaa wapi? Pipeline? Umoja? Sema!"

"Hakuna mwanamke!"

"Muongo!"

"Naapa kwa Mungu..."

"Usimwingize Mungu kwenye lori lako!"

Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua sasa. Nthambi alikuwa amemkamata mumewe tai, amemsukuma hadi ukutani. Bwire akaweka kitanda chini, akaingia, akavua kofia.

"Mama Nekesa, mimi si wa kuingilia nyumba ya mtu. Lakini hakuna mwanamke."

"Wewe unajuaje?"

"Bwire, nyamaza!" Mulongo akafoka.

"Nimenyamaza ya kutosha. Mama, huyu bwana kila asubuhi anakuja kwangu mtaa wa Huruma. Anavua hiyo tai, anavaa nguo zangu kuukuu, tunaenda Industrial Area kupakia magunia ya mahindi. Jioni anaoga kwa beseni langu, anafunga tai, anarudi kwako. Kule godauni wanamwita Karani."

Nthambi akaachia tai. Akamtazama mumewe kama mtu asiyemjua.

"Ofisi je?"

Mulongo akajibu kwa kelele.

"Nilifutwa! Umefurahi sasa? Walituita ukumbini, watu wazima, wakatuambia wengine wetu hatuhitajiki. Nimewafanyia kazi miaka yote hiyo! Ningekwambia nini? Baba yako alikuoza kwa karani, akajisifu mbele ya kanisa zima. Sikutaka unione na gunia mgongoni. Nilisema ukae nyumbani mahali pazuri, mimi nilale popote, nitume kitu, mpaka nipate kazi ya maana."

"Fungua shati."

"Nthambi..."

"Fungua!"

Mwenyewe akamvuta kola, kifungo kikaruka. Bega lote lilikuwa limechubuka, jekundu, limekauka pembeni.

"Nimekupaka mafuta hapa kila jioni," akasema, sasa machozi yakimtoka, lakini yalikuwa machozi ya hasira. "Ulinidanganya ni sabuni inakuwasha. Nilibadilisha sabuni, Mulongo! Nilizunguka maduka yote nikitafuta sabuni ya mtoto mchanga!"

"Niliona haya."

"Kwa hivyo ili wewe usione haya, mimi nifunge kibanda changu? Mtoto aachishwe shule? Niende kwa watu ambao lugha yao siijui, ningojee Krismasi kama mama yako? Baba yako pia alisema ni mpaka apate kazi ya maana. Aliipata?"

Bwire akakohoa. "Mimi mke wangu yuko Busia," akasema, bila kumtazama mtu. "Mtoto wa mwisho nilipoenda, alinikimbia. Alidhani mimi ni mgeni."

Nthambi akapangusa uso kwa mkono, akatoka nje.

"Mativo!"

"Naam, mama."

"Huruma unapajua?"

"Napajua vizuri."

"Pakieni kitanda. Twende Huruma."

Mulongo akamkimbilia. "Huruma? Una wazimu? Ni chumba kimoja kule! Maji unabeba mpaka ghorofa ya tatu! Choo ni kimoja kwa wapangaji wa ploti nzima!"

"Maringo nililelewa chumba kimoja. Watoto sita, wazazi nyuma ya pazia. Mama yangu alitoka Mwingi akamfuata baba, na ndugu zake wakamwambia mwanamke mwema hubaki shambani. Lakini sisi tulimjua baba yetu. Alikuwa dereva, na akiingia usiku tulimjua kwa harufu ya dizeli kabla hajaongea." Akamkaribia hadi pumzi zao zikakutana. "Na usidhani nimekusamehe. Naenda Huruma na hasira, na nitakaa nayo huko mpaka iishe yenyewe. Lakini utarudi kwangu kila jioni na hizo nguo za vumbi nikikuona. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Bwire, kwenu kuna chumba?"

"Kipo, ghorofa yetu. Lakini haya makochi hayataingia."

"Mpelekeeni Qali."

Wakahamia Huruma siku hiyo. Nekesa alilia, akanuna, kisha akazoea. Alibaki shule ile ile. Nthambi aliendelea kushona Buruburu, akienda kwa miguu asubuhi. Wiki za kwanza alimwekea Mulongo chakula bila kusema neno. Mulongo alikula bila kusema neno. Jioni moja tu alimwita, "Leta hilo bega," akampaka mafuta, akamkaza vidole mpaka akaguta.

"Unaniumiza."

"Najua."

Krismasi ikafika. Huruma nzima ikafunga vyumba, watu wakabeba mikate na blanketi wakaenda mashambani. Ploti ikabaki kama imekufa. Ndipo Mama Rispa akashuka kwenye basi kutoka Kimilili, na kuku wawili kwenye kikapu. Hakuwa amewahi kufika Nairobi maishani mwake.

Alikula, akapumzika, akasema, "Mulongo, nionyeshe mahali baba yako alikuwa anakaa."

"Mama, ni nyumba tu ya zamani. Kuna watu wengine sasa."

"Nionyeshe."

Wakaenda wote hadi mtaa wa Kaloleni. Mwenye chumba, mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya viazi, aliwakaribisha bila maswali. Mama Rispa akasimama katikati ya chumba. Akatazama kona hadi kona. Kulikuwa na kitanda kikubwa, kabati, meza, na watoto watatu wakicheza sakafuni. Akapima ukuta kwa macho, kama mtu anayepanga vyombo.

"Aliniambia hakuna nafasi," akasema. "Miaka yote. Aliniambia, Rispa, huko hata pa kugeuka hakuna."

"Palikuwa na nafasi," Mama akasema kwa hasira. "Palikuwa na nafasi yangu na ya watoto."

Akatoka nje bila kuaga. Mulongo akabaki amesimama, mikono imening'inia, akilia bila sauti mbele ya watoto wa watu. Nthambi akamshika mkono, kwa mara ya kwanza tangu siku ya lori, na kiganja chake kilikuwa kigumu kama gamba la mti.

"Twende, Baba Nekesa," akasema. "Mama hajui njia."